Tumeifufua boti ya faiba ya miaka ya sabini: poliesta au epoksi?

Assalaam aleikum, karibuni tena wenzangu. Leo mezani sina simu wala spika. Nina mikebe miwili ya resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, mmoja poliesta na mmoja epoksi, roli ya kitambaa cha glasi, kipande cha plaiwudi, na hapa nyuma yangu ndiyo yenyewe: boti ya faiba ya futi 16, ya miaka ya sabini, iliyolala chini ya mkwaju hapa Mtwapa miaka chungu nzima. Tumeifufua mimi na rafiki zangu. Wengi mmeniuliza tumetumia dawa gani, na kama inafaa mtu kununua bodi kuukuu, yaani mwili wa boti bila mashine, au bora ajinyime anunue mpya. Nitayajibu yote mawili. Lakini tuanze na boti yenyewe, maana bodi ukiichagua vibaya, resini nzuri haikuokoi.

Sogeeni hapa. Natumia mpini wa nyundo, si kichwa chake. Nagonga ubavuni: ko, ko, ko. Sauti kavu, inajibu. Sasa hiki ni kipande cha tezi ya zamani, yaani nyuma ya boti panapofungwa mashine, tulikikata nikakiweka makusudi mje mkisikie: bu, bu, bu. Humu ndani mna plaiwudi iliyokunywa maji. Tulipoitoboa kwa biti ndogo, haikutoa unga wa mbao. Ilitoa vitu vyeusi vilivyolowa, kama majani ya chai yaliyochujwa, na harufu ya kinamasi juu yake.

Hapo ndipo pa kutia akili. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani ya faiba: ubao wa tezi unaobeba mashine, na mihimili inayokwenda chini ya sakafu kutoka tezi hadi omo, yaani mbele. Mnunuzi akifika anatazama rangi iliyopauka na nyufa ndogondogo za gelikoti, lile tabaka la nje linalong'aa, anavunja bei kwa hayo. Hayo ni mambo ya msasa na brashi. Wewe gonga tezi yote, gonga sakafu, kisha shika mguu wa mashine uutikise huku mwenzako anatazama kama ubao unacheza. Ukicheza, boti hiyo bado yaweza kuwa nzuri, ila bei yake ni ya bodi tupu. Usikubali kulipa zaidi.

Kwa nini basi tuhangaike na bodi kuukuu? Kwa sababu ya unene na umbo. Boti za glasi na poliesta zina historia ndefu: Ray Greene alitengeneza yake mwaka 1942 kule Toledo, Ohio. Mafundi wengi wa miaka ya sitini na sabini walizipaka tabaka nene sana, na mahali tulipokata shimo kwenye hii yetu faiba ni nene kuliko boti nyingi mpya za kiasi chake nilizowahi kuzishika. Umbo nalo, hebu tazameni tumbo. Mnaiona hiyo V inavyoendelea mpaka tezi? Huo ni mtindo aliouleta Ray Hunt, Mmarekani mchora boti. Mwaka 1960 boti aliyoichora, iitwayo Moppie, ilishinda mashindano ya Miami hadi Nassau bahari ikiwa imechafuka, na baada ya hapo dunia nzima ikamfuata. Tumbo bapa linakimbia vizuri kwenye maji ya kriki. Ukitoka nje ya mwamba wakati wa kusi, linakupiga mgongo mpaka ujute. V inakata wimbi. Umbo hilo huwezi kulinunua kwa mkebe, ama unalo ama huna, na ndilo lililotufanya tuitake boti hii.

Sasa sakafu. Tulipoifungua tukakuta povu gumu la manjano. Povu si kitu kibaya. Boston Whaler walijenga jina lao juu ya povu: mwaka 1961 jarida la Life lilitoa picha za Dick Fisher amekaa ndani ya boti yake huku inakatwa kwa msumeno katikati, na vipande vyote viwili vinaelea. Lakini povu lililokaa na maji miaka mingi hunywa, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hebu fikiria unabeba mapipa ya maji usiyoyaona kila safari, halafu unasema mashine imechoka. Tulilitoa lote kwa mikono na sululu ndogo. Kazi ile ndiyo iliyotupima urafiki. Vumbi la glasi, joto la Januari, na hakuna aliyeondoka. Barakoa ya kichujio, miwani na mikono mirefu si hiari kwenye grenda. Vumbi lile ukilivuta linaingia kifuani.

Tuje kwenye mikebe.

Huu wa kushoto ni poliesta, ile ya kawaida inayouzwa kwa kilo, na hadina yake, dawa ya kuigandisha, kwenye kichupa. Kipimo ni asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Kwa joto letu la pwani sisi tulibaki kwenye 1. Ukizidisha, inaganda mkononi kabla hujapaka, inachemka, inapasuka. Na tafadhali sana, hadina hii ikiingia jichoni yaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani kabla ya kufungua kifuniko, na maji mengi karibu. Poliesta nyingi zinakuja na kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, imeshachanganywa ndani. Ukinunua isiyokuwa nayo, kobalti na hadina visikutane peke yao hata kidogo, vinaweza kulipuka. Changanya kimoja kwenye resini vizuri kwanza, ndipo cha pili.

Wa kulia ni epoksi. Sisi tulitumia West System 105 na hadina yake ya 209, ile ya polepole kabisa, iliyotengenezwa kwa nchi za joto. Kipimo chake ni sehemu tatu za resini kwa moja ya hadina kwa ujazo. Hapa hakuna habari ya kuongeza hadina ili iwahi. Ukiongeza, haikauki sawasawa, inabaki inanatanata milele. Nimewaona mafundi hodari wa poliesta wanakwama hapo, kwa sababu mkono umezoea kukisia.

Kipi bora? Wenzangu, swali ni kipi kinashika wapi. Poliesta mpya juu ya mbao haishiki kwa moyo; baada ya misimu kadhaa hubanduka ukingoni, maji yakaingia, ukarudi kwenye majani ya chai. Epoksi inashika mbao, na inashika faiba ya zamani ukishaikwaruza vizuri kwa msasa namba 40 mpaka 80. Kwa hiyo tezi, mihimili na kila panapokutana ubao na bodi, sisi tuliweka epoksi bila kubishana, ingawa bei yake ni mara kadhaa ya poliesta. Poliesta tuliitumia kwenye vifuniko vya masanduku tulivyovitengeneza kwa kalibu, na kuziba mikwaruzo ya gelikoti. Hapo inatosha kabisa na pesa inabaki mfukoni.

Ila angalieni mpangilio. Epoksi inakaa juu ya poliesta, lakini poliesta na gelikoti juu ya epoksi hazikai vizuri. Maliza kwanza kazi zote za poliesta mahali hapo, ndipo ufungue mkebe wa ghali.

Na kitambaa pia. Hii ni mati, ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Nyuzi zake zimeshikanishwa kwa gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta, ndiyo maana inalainika na kulala kwenye kona. Ndani ya epoksi gundi ile haiyeyuki, mati inabaki imekakamaa. Kwa epoksi nunua hiki kilichoshonwa, nyuzi zimepishana mshazari. Kinalala vizuri na kinakula resini kidogo: karibu uzito wake tu, wakati mati inakula mara mbili au zaidi.

Ngoja nisogeze kamera hapa kwenye ubavu, palipokuwa na tundu. Mnaona tumesaga upana mkubwa kuliko tundu lenyewe? Kanuni ni 12 kwa 1. Faiba ikiwa na unene wa milimita 5, unasaga mteremko wa milimita 60 kuzunguka tundu lote. Wengi wanaona ni kuharibu boti. La, nguvu ya kiraka iko kwenye upana wa kushikana. Kiraka kilichobandikwa juu bila kusagwa kinapendeza ufukweni, kisha siku ya bahari kuchafuka kinakwenda zake.

Plaiwudi ya tezi ni ya baharini, yenye alama ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya baharini, karatasi mbili za milimita 18 zilizoungwa kwa epoksi. Ukiongeza faiba pande zote mbili unakaribia milimita 40, unene unaoshikwa vizuri na vibano vya mashine. Jambo alilotufundisha mzee wetu wa mbao, na nimelihakikisha kwa macho: mbao ikipata joto, hewa iliyo ndani hutanuka ikatoka, ikaacha vipovu kwenye epoksi. Paka alasiri jua linapoanza kushuka, mbao inapoa na kuvuta resini ndani. Lakini usichelewe mpaka usiku, unyevu wa pwani unaacha utando wa mafuta juu ya epoksi. Ukiukuta asubuhi, maji na sponji ngumu kwanza, msasa baadaye. Ukianza na msasa unausugua utando uingie ndani, na tabaka linalofuata halitashika.

Kuna kitu kimoja nakisema kwa uchungu, kwa sababu ndicho kilichoiua tezi ya boti hii. Matundu ya skrubu. Kila aliyewahi kufunga kitu hapa nyuma alitoboa faiba, akaingia kwenye mbao, akakaza skrubu, basi. Maji yakapata mlango. Toboa tundu kubwa kuliko unalohitaji, lijaze epoksi iliyotiwa unga wa kuikaza, ikauke, ndipo utoboe tundu dogo katikati. Skrubu sasa inapita ndani ya epoksi, mbao haioni maji. Juu yake tulitia Sikaflex 291, gundi ya kuzibia inayobaki laini na kufuata mtikisiko wa mashine. Silikoni ya bafu iacheni bafuni.

Rangi sitakaa nayo. Epoksi haipendi jua, lazima ifunikwe. Tumepiga praima, halafu rangi ya polyurethane ya mikebe miwili, ile ya kuchanganywa na hadina yake. Boti yetu inavutwa juu kila jioni. Yako kama inalala majini siku zote, chini ya mstari wa maji inataka rangi yake maalumu.

Mashine ni Yamaha Enduro ya nguvu farasi arobaini, tuliipata kwa mtu. Vipuri vyake viko kila bandari ninayoijua kuanzia Vanga mpaka Lamu, na fundi yeyote anaijua hata gizani. Pima urefu wa mguu kabla ya kununua: tezi yenye kimo cha inchi 15 na mashine ya mguu wa inchi 20 haziendani. Badilisha mpira wa pampu ya maji hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Na kama utabeba abiria, leseni na ukaguzi wa Kenya Maritime Authority kwanza, na laifu jaketi ya kila kichwa.

Gharama? Ukihesabu resini, plaiwudi na kitambaa, na kazi ukaifanya wewe na wenzako, bodi ya zamani yenye faiba nzima inakuachia pesa nyingi ya mashine. Ukilipa fundi kwa siku kwa kazi yote hii, nakwambia kwa dhati, tafuta boti mpya. Sisi tulikuwa na seremala, fundi wa umeme wa pikipiki, mvuvi anayeijua bahari ya hapa, na mimi wa grenda na kamera. Kila mmoja alikuwa na kazi asiyoiweza mwenzake, na zile zisizohitaji ujuzi, kusaga, kubeba na kufagia vumbi, tuligawana sawa. Mwenye boti mmoja peke yake angechoka kwenye povu.

Tumebakiwa na epoksi nusu mkebe na mita chache za kitambaa, na sitaki vitu hivi vikae bure. Kuna mtu hapa Mtwapa, Kilifi au Takaungu ana boti imelala na tezi inalia bu? Aniandikie. Tutakuja na grenda yetu, wewe tuandalie kivuli na maji ya kunywa.