Sanduku la Cotman la rangi 12 kwa mwanagenzi wa Lamu: rangi zatosha, karatasi ndiyo mtihani

Anayetaka kuanza uchoraji hushauriwa kununua sanduku kubwa: rangi 24, 36, hata 48. Tathmini hii ni ya sanduku dogo, lile la mfukoni la Winsor & Newton, aina ya Cotman, lenye vidonge 12 vya rangi za maji. Tumelipima kwa swali moja tu: je, linamjengea mtu msingi wa kuchora na kupaka rangi hapa Lamu, penye hewa ya chumvi, jua la utosini na visima vyenye munyu? Linamjengea, mradi brashi yake iwekwe kando, kidonge kimoja kibadilishwe, na pesa iliyobaki yote iende kwenye karatasi.

Cotman ni daraja la wanafunzi la kampuni hiyo iliyoanzishwa London mwaka 1832. Sanduku ni la plastiki, laingia kwenye mfuko wa kanzu, na kifuniko chake ndicho kisahani cha kuchanganyia. Ndani mna manjano mbili, Lemon Yellow na Cadmium Yellow. Nyekundu mbili, Cadmium Red Pale na Alizarin Crimson, hii ya pili ikikaribia damu ya mzee. Buluu mbili, Ultramarine na Cobalt Blue. Kijani mbili, Viridian na Sap Green. Rangi tatu za udongo, Yellow Ochre, Burnt Sienna na Burnt Umber. Na nyeupe moja, Chinese White. Majina kadhaa yanafuatwa na neno Hue. Hiyo ni ishara kwamba unga wa bei kubwa, kama kadimiamu au kobalti, umebadilishwa kwa mwingine wa bei nafuu wenye sura ya karibu. Kwa anayejifunza si hasara hata kidogo.

Tofauti yake na vidonge vya watoto vinavyouzwa pamoja na madaftari ya shule inaonekana kwenye tabaka la pili. Vidonge vya bei ya chini vina chaki nyingi na rangi haba, kwa hivyo tabaka la juu hulifunika la chini na kuacha utando kama wa maziwa. Rangi za Cotman nyingi zinapitisha mwanga: ukipaka buluu nyepesi juu ya manjano iliyokauka unapata kijani kinachong'aa, kwa sababu weupe wa karatasi bado unaonekana kupitia tabaka zote mbili. Kazi nzima ya rangi za maji imesimama juu ya jambo hilo, na asiyeweza kuliona kwenye kifaa chake hawezi kujifunza.

Kilichozidi ni Chinese White. Kampuni iliitoa mwaka 1834 na imewafaa wachoraji wengi, lakini mwanagenzi huitumia kufanya rangi iwe nyepesi, na hapo picha huingia vumbi. Wepesi uletwe na maji, na weupe uachwe kwenye karatasi. Kilichopungua ni buluu inayoelekea kijani. Ultramarine na Cobalt Blue zote zinaelekea upande wa zambarau, basi maji ya mlango wa bahari kati ya Amu (kisiwa cha Lamu) na kisiwa cha Manda, saa tatu asubuhi jua likiyapiga, hayapatikani kwa hizo mbili peke yake. Unaweza kuchanganya Cobalt Blue na chembe ya Viridian ukakaribia. Njia safi zaidi ni kung'oa kile kidonge cheupe na kuweka Intense Blue ya aina hiyohiyo ya Cotman. Vidonge huuzwa kimoja kimoja na hutoka kwa kusukumwa na ncha ya kisu. Intense Blue ina nguvu sana, gusa kwa ncha ya brashi tu, la sivyo itameza kila kitu.

Brashi ndogo inayokuja na sanduku ni ya safari. Inafaa kuweka alama ya foromali, ule mti unaoshika tanga, au kamba yake, haifai kufunika anga. Nunua brashi ya duara namba 8 au 10 yenye nywele za bandia, na moja bapa ya milimita 25. Zikitosha hizo mbili, usiongeze ya tatu kwa miezi kadhaa. Usiziache zimesimama ndani ya kopo la maji: ncha hupinda, mti wa mpini huvimba, na gundi iliyo ndani ya pete ya bati hulegea mpaka nywele zianze kutoka.

Karatasi

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani hawana kipaji. Rangi za maji kwenye karatasi ya fotokopi ya gramu 80 haziwezi kufanya lolote zinalotakiwa kufanya. Karatasi inajikunja, maji yanakusanyika mabondeni, rangi inakauka kwa madoa, na ukisugua mara mbili inatoa nyuzi. Mtu akiona hivyo hujilaumu mkono. Tafuta karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mkwaruzo wa kadiri. Ya pamba tupu ni bora kwa sababu inashika unyevu sawasawa na kuvumilia kufutwa. Ya nyuzi za miti inatosha kwa mazoezi ikiwa bei inabana.

Nunua shiti kubwa la sentimita 56 kwa 76. Likate mara moja kwa upana na mara tatu kwa urefu, utapata vipande 8 vya sentimita 28 kwa 19. Kwa hesabu ya kipande kimoja kimoja mara nyingi ni rahisi kuliko daftari lililofungwa tayari, na huogopi kuharibu kipande kidogo.

Karatasi ya rangi za maji imenyweshwa gundi nyepesi ili isifyonze maji yote kwa mpigo, na unyevunyevu wa pwani huila gundi hiyo polepole. Karatasi iliyokaa wazi muda mrefu huanza kunywa kama shashi: unapaka, rangi inazama, madoa meusi yanatokea ambapo hukuyaweka. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na iweke juu, mbali na ukuta wa chokaa. Ikiwa unaagiza kutoka Mombasa au Nairobi, mwambie muuzaji asiikunje na aifunge plastiki mbili, kwa kuwa baada ya basi kuna boti ya kutoka Mokowe, na rasharasha za mawimbi haziulizi mzigo ni wa nani.

Gundi hiyo hiyo ya karatasi ndiyo inayofanya kifutio cha kawaida kiwe adui. Ukisugua kwa nguvu unachubua gundi ya juu, na pale palipochubuka patakuja kunywa rangi zaidi ya jirani zake. Tumia kifutio laini kinachofinyangika mkononi kama unga uliokandwa. Unakibonyeza na kukiinua, husugui.

Penseli kabla ya sanduku

Sanduku hili lisifunguliwe mpaka mkono uwe umezoea penseli, na hapo karatasi ya fotokopi inarudi kazini, maana kwa penseli haina tatizo. Penseli tatu zinatosha: HB, 2B na 4B. Faber-Castell 9000 zina daraja 16, kuanzia 6H iliyo ngumu na hafifu hadi 8B iliyo laini na nyeusi, lakini kuwa nazo zote hakumfanyi mtu aone vizuri zaidi. Zichonge kwa wembe mpaka risasi itokeze kama sentimita moja, ili uweze kulaza penseli na kutia kivuli kwa ubavu wake. Usiziangushe kwenye ngazi za mawe, kwani risasi huvunjika ndani na kila ukichonga inatoka kipande.

Anza na vyombo: kikombe cha kahawa, sufuria, mtungi. Mdomo wa duara ukitazamwa kwa upande huwa yai lililolala, na kosa la kila mtu ni kuchongoa pembe zake mbili. Yai halina pembe. Kosa la pili ni kuchora kitako kwa mstari ulionyooka. Kitako kiko chini zaidi ya jicho kuliko mdomo, kwa hivyo mviringo wake unafunguka zaidi, haufungiki.

Kisha tafuta ukuta wa zidaka, yaani vishimo vya kuwekea vitu ukutani. Lile jumba la makumbusho la nyumba ya Kiswahili mjini lina ukuta wa namna hiyo, na kwa funzo la kivuli ukuta huo unaushinda mlango wa nakshi kwa mbali. Kila kitu ni cheupe, basi huna rangi ya kukudanganya. Kilichobaki ni mwanga tu. Gawanya kwanza ngazi tano za kivuli kwenye ukingo wa karatasi, kutoka weupe mtupu hadi giza la 4B lililokandamizwa, halafu kila shimo ulilinganishe na ngazi hizo. Mwanagenzi hujaza shimo lote weusi. Tazama tena: giza kubwa liko chini ya ukingo wa juu, na kadiri unavyoshuka mwanga wa uani unagonga chokaa na kurudi ndani. Mara nyingi ngazi ya tano haihitajiki kabisa.

Milango ya nakshi isubiri. Ikifika zamu yake, pima kwanza urefu wa fremu kwa upana wake: nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunge, fumba jicho moja, pima upana kwa penseli na kidole gumba, kisha hesabu umeingia mara ngapi kwenye urefu. Kiwiko kikilegea kipimo kinabadilika. Simamisha mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, gawa mbao mbili, na nakshi zije mwisho. Anayeanzia maua hujikuta mlango umemalizika karatasi haijamalizika, au kinyume chake.

Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, vina somo lao. Vitabu vingi hufundisha kwamba mistari yote ya nyumba hukutana kwenye nukta moja mbele yako. Hiyo ni kwa barabara iliyonyooka na nyumba zilizopangwa sambamba. Hapa kila nyumba imegeuka kidogo, basi kila ukuta una nukta yake. Ila nukta zote ziko kwenye mstari mmoja, usawa wa jicho lako. Ukikaa barazani mstari huo unashuka, ukisimama unapanda. Weka mstari huo kwanza, kwa wepesi, na kichochoro kitakubali kupinda bila kuanguka.

Kupaka

Rangi ya kwanza iwe moja tu, Burnt Umber, kwa zile ngazi tano ulizozifanya kwa penseli. Halafu ujifunze mpako wa sare. Lowesha kidonge dakika mbili kabla. Changanya vijiko viwili vya chai vya rangi kwa kipande cha sentimita 28 kwa 19. Kifuniko cha sanduku hakitoshi kiasi hicho, tumia kisahani cheupe cha kikombe. Inua upande wa juu wa ubao sentimita 5 hadi 7. Pitisha brashi bapa kutoka upande hadi upande, acha ukingo wa chini uwe na mfereji wa maji, na mstari unaofuata uuguse mfereji huo na kuushusha. Ukifika chini kausha brashi na unyonye uliobaki. Usirudi juu kurekebisha. Brashi yenye maji mengi ikigusa sehemu iliyoanza kukauka, maji husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za kukunjamana, ambalo halifutiki.

Wakati wa kaskazi, juani, mpako hukauka kabla hujafika katikati na kuacha mistari migumu. Lowesha karatasi kwanza kwa maji matupu na ukae kivulini. Wakati wa masika kinyume chake: karatasi inaonekana kavu na siyo. Igusishe mgongo wa kiganja. Ikiwa baridi, tabaka la pili lingoje. Na kumbuka rangi ikikauka hupauka, basi changanya nzito kidogo kuliko unavyoitaka.

Mchanganyiko wa kwanza wa kukariri ni Ultramarine na Burnt Sienna. Buluu ikizidi unapata kijivu cha mawingu ya kusi, kahawia ikizidi unapata boriti kuukuu, na zikikutana nzito hutoa weusi bora kuliko weusi wowote wa dukani. Kuta za matumbawe ni Yellow Ochre iliyotiwa maji mengi, na kivuli chake ni kile kijivu. Uso wa mji unaotazama bahari umeelekea mashariki, kwa hivyo asubuhi unawaka na alasiri unaingia kivulini wote. Saa sita mchana usihangaike, jua liko utosini na kuta zinapoteza umbo. Kabla ya saa nne, au baada ya saa kumi.

Maji yawe ya mvua au ya chupa. Yenye munyu yanaacha nyota nyeupe ndani ya mpako, na chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewa hata picha ikawa haikauki barabara. Makopo mawili: moja la kuoshea brashi, la pili la maji safi ya kuchanganyia. Baada ya kazi acha sanduku wazi mpaka vidonge vikauke juu, kwani gundi yake inatokana na utomvu wa migunga na kuvu hulipenda giza lenye unyevu. Kuvu ikitokea, ifute kwa kitambaa chenye maji na ukiache kidonge kipigwe na upepo.

Anayetaka kupaka turubai kubwa au kuuza picha upesi kwa wageni wa Shela, sanduku hili halimfai. Anayeweza kununua kimoja tu kati ya sanduku na karatasi ya gramu 300, achukue karatasi, pamoja na kidonge kimoja cha Burnt Umber na brashi namba 8. Vidonge kumi na moja vilivyobaki vinaweza kuja kwa basi la mwezi ujao.