Nyota tano ni za dada wa mapokezi

Nilifikia hoteli hii siku mbili kabla ya maandamano makubwa. Asubuhi yenyewe, kabla sijatoka, dada wa mapokezi aliniita akatandaza ramani ya karatasi mezani. Kwa kalamu nyekundu akachora njia ya waandamanaji, kutoka bungeni hadi uwanjani, kisha vichochoro viwili vya kunirudisha bila kukatiza umati. "Intaneti ikizimwa, kaka, hii haizimiki." Mchana mtandao ulikatika kweli, na ramani ile ndiyo iliyonifikisha.

Alinikataza kabisa kuwapiga picha askari. Akaniambia nivue lenzi za macho nivae miwani, maana moshi wa mabomu ya machozi hunasa chini ya lenzi na kuunguza. Pasipoti ikabaki kwenye sefu, nikabeba nakala. Sijawahi kutunzwa hivi na mtu nisiyemjua.

Vyumba ni vya kawaida, na maji ya moto huchelewa. Lakini omba chumba cha nyuma! Usiku ule mabomu ya machozi yalipigwa hadi karibu na lango, na wageni wa upande wa barabarani wakahamia kwetu na magodoro yao.