Mississippi Masala: mapenzi nimeyapenda, ila Okelo amepunjwa

Filamu hii ya Mira Nair ni ya mwaka 1991. Mimi nimeiona wiki iliyopita tu, kwenye kompyuta ya mdogo wangu, mama yuko pembeni anachagua mchele. Alikuwa hata hatazami. Basi lililobeba Wahindi wa Kampala liliposimamishwa na wanajeshi, akaweka ungo chini. "Hao askari wa Amin?" Ndio, mama. Mwaka 1972 alikuwa mtoto wa shule hapa Mwanza, na zile siku 90 ambazo Amin aliwapa Wahindi waondoke Uganda anazikumbuka redioni.

Kwa kifupi: Jay, wakili mzaliwa wa Kampala, anafukuzwa Uganda pamoja na mkewe Kinnu na binti yao Mina. Miaka 18 baadaye wako Greenwood, Mississippi, wanaishi kwenye moteli ya ndugu zao, Kinnu anaendesha duka la pombe. Mina (Sarita Choudhury) anagonga gari la Demetrius (Denzel Washington), Mmarekani mweusi anayesafisha mazulia. Mengine mnayajua: wanapendana.

Nilidhani nitaona weusi na Wahindi wakionewa na wazungu, basi. Wazungu wapo, ila wako pembeni. Moto wenyewe unawaka kati ya hawa wawili waliodharauliwa wote. Kuna wamama wa Kihindi wanamsema Mina: ukiwa mweusi uwe na pesa, ukikosa pesa uwe mweupe; mweusi asiye na kitu atampataje kijana anayegombewa kama Harry Patel? Hapo mama alicheka sana. Rangi ya maji ya kunde na mahari tunavijua hata sisi. Na kwao Demetrius nako lawama hazikosekani.

Mapenzi yao yakijulikana, simu zinalia moteli hadi moteli kama msiba umetokea. Demetrius anapoteza kazi, benki inamkumbusha mkopo. Jay, aliyewahi kuwatetea Waafrika mahakamani, anamwambia kijana huyu amwache binti yake. Demetrius anagusa shavu lake mwenyewe, anamwonyesha kwamba rangi zao hazipishani sana. Roshan Seth, anayecheza Jay, hapo hana la kusema, na uso wake unatosha. Nilikumbuka mtaani kwetu: tulicheza kombolela na watoto wa Kihindi mpaka wasichana wao walipofika umri wa kuposwa. Baada ya hapo ikawa salamu ya ng'ambo ya barabara.

Sasa lawama yangu. Okelo ni rafiki wa Jay tangu utotoni, ndiye aliyemtoa rumande, ndiye aliyemwambia kweli chungu kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Jay akaondoka bila kumuaga. Kinnu ndiye aliyemkumbatia. Mtu mzito kama huyo, lakini nyumbani kwake hatujawahi kuingia. Ukoo wa Demetrius tumekaa nao mezani mpaka kwenye sherehe ya babu. Mganda wetu anatokea pale tu Jay anapomhitaji, na kifo chake tunakisikia Jay akirudi Kampala kumuulizia. Mama akauliza, "Huyu hakuwa na mke?" Nikakosa jibu. Mwandishi wa filamu, Sooni Taraporevala, ameandika familia mbili kwa mkono wa fundi. Ya tatu ameisahau, na ndiyo ya hapa kwetu.

Hata hivyo nampa Nair haki yake: Kampala aliipiga picha Kampala kweli, na ile ziwa na kijani chake hakuitia uchafu ili ionekane Afrika ya taabu.

Nyota nne kati ya tano. Lugha ni Kiingereza, lafudhi ya Mississippi inataka uongeze sauti kidogo. Na kama unaangalia na mzazi, ukisikia Mina na Demetrius wanakwenda Biloxi, mji wa pwani, inuka ukachemshe chai. Mimi nilichelewa.