Boila ilizima Januari: bima mbili nilizolipia Uingereza na tofauti niliyoiona

Boila yetu, ile mashine ya gesi inayopasha moto nyumba na maji, ilizima Ijumaa usiku, katikati ya Januari, mama yangu akiwa na wiki mbili tu tangu afike kutoka Tanga. Nilikuwa jikoni naosha vyombo nikaisikia inahangaika kuwaka: tak, tak, tak, kimya. Tena tak, tak, tak, kimya. Kwenye kioo chake namba ya hitilafu inawaka na kuzimika. Nikabonyeza kitufe cha kuianzisha upya mara tatu, ikagoma. Kufika saa sita usiku radieta zote, vile vyuma vya ukutani vinavyotoa joto, zilikuwa za baridi, na mama amejifunika mablanketi mawili na kanga juu yake, ananiambia, "Mwanangu usihangaike, mimi niko sawa." Nilimshika mikono. Hakuwa sawa.

Mimi sikuwa na wasiwasi sana mwanzoni, kwa sababu nilikuwa nimekata bima ya boila. Pauni 9 kwa mwezi, nililipa miezi kumi na minne bila kukosa. Nikapiga simu. Niliambiwa nyumba ikiwa na mtu mzee inapewa kipaumbele, fundi atakuja kesho. Hakuja Jumamosi. Alikuja Jumapili saa tisa alasiri, baada ya simu saba. Siku hizo mbili tulikaa wote chumba kimoja na hita ndogo ya umeme niliyoazima kwa jirani, maji ya kuoga tunachemsha kwenye birika.

Fundi mwenyewe sina neno naye. Alifungua kifuniko, akamulika tochi, akapima umeme kwenye feni inayosukuma moshi nje, akaniambia feni imekufa. Boila za gesi zimewekewa ulinzi: feni isipozunguka, moto hauwashwi, maana moshi ukirudi ndani ya nyumba una kaboni monoksaidi, na hiyo inaua watu wamelala. Kwa hiyo mashine ilikuwa inafanya kazi yake. Lakini akapiga simu ofisini kwao palepale jikoni, akasikiliza, akakata simu, akaniangalia. Boila ina miaka 13. Kwenye mkataba wangu, boila iliyozidi miaka 7 ina kikomo cha pesa watakazolipa, na bei ya feni pamoja na kazi imepita hicho kikomo. Wameihesabu kuwa haifai tena kutengenezwa. Watanichangia pauni 250 nikinunua boila mpya. Boila mpya pamoja na kufungwa ni pauni elfu mbili na zaidi! Akafunga kifuniko, akaondoka.

Jumatatu asubuhi niliingia kwenye tovuti ya Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, nikaandika postikodi yetu, nikampata fundi wa mtaa wa pili. Alikuja saa nane mchana, akanionyesha kitambulisho chake mbele na nyuma (nyuma ndiko kunakoandikwa kazi za gesi anazoruhusiwa kufanya, wengi hawageuzi), akafunga feni mpya, pauni 310 jumla. Boila ile "isiyofaa kutengenezwa" inawaka mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokaa chini na kusoma mikataba. Nilisoma mitano, jioni tatu, neno kwa neno, kwa sababu niliumia kumwona mama yangu anatetemeka ndani ya nyumba yangu. Nilichokiona ni kwamba bei ya mwezi ndiyo kitu cha mwisho cha kulinganisha. Matangazo yote yanasema "tunatengeneza boila yako". Tofauti iko kwenye kurasa za ndani.

Jambo la kwanza ni kikomo na umri. Kampuni nyingine zinaweka kikomo kwa kila dai, nyingine kwa mwaka mzima, nyingine hazina kikomo kwenye boila lakini zinaacha kukuhudumia kampuni iliyoitengeneza ikiacha kutoa vipuri. Ukiwa na boila ya zamani, kipengele hicho ndicho bima yenyewe. Vingine vyote ni mapambo.

La pili, neno "dharura". Bima zinazouzwa kama nyongeza kwenye bima ya nyumba huwa zinalipia kuzuia madhara tu: bomba limepasuka, fundi anafunga maji, anaweka kiraka, anakwenda zake. Kurudisha mambo kama yalivyokuwa ni juu yako. Na bima ya nyumba ya kawaida hailipii boila iliyochakaa kwa matumizi. Nilikuwa naamini inalipia, na najua wengi wetu tunaamini hivyo.

La tatu lilinishangaza zaidi. Si kila kinachouzwa kama "kava" ni bima. Kuna mikataba ambayo kisheria ni ya matengenezo tu, na ukigombana nao huwezi kupeleka malalamiko Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, kama ambavyo ungefanya kwenye bima. Mimi sasa nauliza waziwazi kwenye simu: hii ni bima au ni mkataba wa matengenezo? Pia naangalia karatasi: bima inakuwa na kodi yake, ile ya asilimia 12, imetajwa humo. Kwa bahati, ile ya kwanza niliyokuwa nayo ilikuwa bima kweli. Nikaandika malalamiko kwa kampuni, maana sheria inawapa wiki 8 za kunijibu. Walijibu wiki ya sita, wakakubali kosa la kuchelewa, wakanirudishia pauni 100. Kuhusu feni walishikilia mkataba wao, na nilipousoma vizuri niliona kwamba kipengele kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana napaza sauti hivi: someni kabla.

Kampuni ya pili, niliyo nayo mpaka sasa, nalipa pauni 23 kwa mwezi. Ni ghali, na mume wangu alinuna. Lakini haina kikomo kwa boila, inalipia pia mabomba, mfereji wa maji machafu na umeme wa nyumba, na ina sevisi ya kila mwaka ndani yake. Hiyo sevisi si kitu kidogo, kwa sababu ile ya kwanza ilitaka mimi mwenyewe nimlipe fundi kila mwaka na nitunze risiti, la sivyo dai linakataliwa. Siku 14 za mwanzo huruhusiwi kudai kitu, ila siku hizohizo 14 unaweza kuvunja mkataba na kurudishiwa hela. Kuna eksesi ya pauni 60, yaani kila tatizo jipya mimi ndiye natoa hizo 60 kwanza. Ningeweza kuchagua isiyo na eksesi kwa pauni 31 kwa mwezi. Nikapiga hesabu: tofauti ni pauni 96 kwa mwaka, na mimi sidhani nitamwita fundi mara mbili kila mwaka. Nikachukua yenye eksesi.

Nimeshaitumia. Desemba iliyofuata maji ya moto yalikata bombani wakati radieta zinachemka vizuri. Nilipiga simu saa mbili asubuhi, fundi akafika saa kumi jioni siku ileile. Ilikuwa vali inayogawa maji kati ya radieta na bomba. Vali alikuwa nayo kwenye gari. Akafungua maji ya radieta kidogo yakatoka meusi kama wino, akanieleza kwamba ni kutu la ndani ya radieta, na akanionya kabisa kwamba kusafisha mfumo mzima hakumo kwenye bima yangu. Wala kuharibika kwa sababu ya ule ukoko mweupe wa maji yetu magumu, huo tunaouona kwenye birika. Nilipenda kwamba alisema mapema. Nililipa pauni 60, basi.

Kasoro yao ni simu. Kuna siku nilikaa kwenye laini dakika 40 kupanga sevisi tu, na tarehe ya kwanza wakaihamisha.

Sasa, si kila mtu anahitaji hii kitu, na hapa nasema hasa na wenzangu wanaopanga. Shemeji yangu yuko Barking, alikuwa analipa pauni 15 kila mwezi kwa bima ya boila ya nyumba ambayo si yake. Dada, simamisha! Sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atengeneze joto na maji ya moto, na vifaa vya gesi ni lazima vikaguliwe kila mwaka na fundi wa Gas Safe kwa gharama ya mwenye nyumba. Mwandikie kwa barua pepe ili kuwe na kumbukumbu. Na kaka yangu aliyefunga boila mpya mwaka jana ana waranti ya miaka 10 ya kiwandani. Yeye anachotakiwa ni kufanya sevisi kila mwaka asije akaipoteza hiyo waranti.

Kuna vitu vingine unaweza kuvifanya mwenyewe, usivitolee eksesi. Presha ya maji kwenye boila ikishuka chini ya bar 1 (bar ni kipimo cha presha), ongeza maji mwenyewe kwa ile koki ya kujazia mpaka ifike kati ya 1 na 1.5 boila ikiwa baridi. Ikiwa inashuka kila wiki, hapo pana mahali panavuja, mwite fundi. Baridi kali ikigandisha lile bomba jembamba la plastiki linalotoa maji nje ya ukuta, boila inazima. Limwagie maji ya uvuguvugu, yasiwe ya kuchemka, kisha iwashe upya. Lakini ukisikia harufu ya gesi usipigie bima. Fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga 0800 111 999, ni bure na wapo usiku na mchana.

Barua ya kuendelea na mwaka mwingine imekuja mwezi uliopita, wamepandisha hadi pauni 29. Niliwapigia nikiwa na bei za kampuni mbili nyingine kwenye karatasi mbele yangu, wakashuka hadi 24. Nimekubali. Mama anakuja tena Novemba.