Huduma ya Kukagua Ploti Kando ya Mto Sabaki: Bikoni Sawa, Ukanda wa Mto Bado

Mnunuzi wa ploti karibu na Sabaki huuziwa na wapimaji wa Malindi huduma ya mambo matatu: sachi ya hati (kuhakiki mmiliki kwenye ofisi ya ardhi), kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, na kuchora ukanda wa mto usiojengwa. Mawili ya kwanza yana thamani ya pesa yake. Bikoni iliyofukiwa na tope huchimbuliwa mpaka uone chuma ndani ya saruji. Kasoro iko kwenye ukanda.

Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza ujenzi kwenye ukanda wenye upana usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande wa mto, kutegemea pale maji yalipofika kwenye mafuriko makubwa zaidi yaliyorekodiwa. Kazi ikifanywa mbiombio, utepe wa kupimia huanzia ukingo wa maji ya siku hiyo. Wakati wa kiangazi Sabaki hunywea katikati ya mchanga, na mita 30 za namna hiyo zaweza kuishia mle mle mtoni.

Kosa lingine ni kulaza utepe juu ya mteremko. Kwenye mwinamo wa digrii 30, mita 30 za utepe ni mita 26 tu za usawa. Mita nne hizo zatosha choo kizima.

Na choo ndicho cha kuogopwa. Visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi mpaka Mombasa, huvuta maji kwenye mchanga wa mto huu. Mchanga huchuja, lakini shimo la choo likichimbwa ndani ya ukanda, uchafu hauna masafa ya kutosha kuchujika, na mafuriko yakija hulizoa lote.

Kwa hiyo mwambie mpimaji aanze na alama: takataka zilizonasa matawini, tope kwenye magogo, na wazee wanaokumbuka El Niño ya 1997 wakuoneshe maji yalipokomea. Kimo hicho kihamishiwe kwenye ploti kwa levo, chombo cha kupimia tofauti za kimo, mchoro uoneshe mstari wa mafuriko, kisha maafisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji wauthibitishe kabla hujanunua. Hati ikigusa mto, ardhi ni yako lakini ruhusa ya kujenga ukandani huna.

Lipa nusu bikoni zikionekana. Iliyobaki isubiri mchoro wenye mstari huo na sahihi ya mpimaji mwenye leseni.