Daluga za mtumba soko la Mwanga: nimevalisha safu nzima ya ushambuliaji kwa laki mbili, haya ndo niliyokutana nayo

Wadau wa mwisho wa reli, habari zenu. Mimi ni meneja wa timu ya mpira ya chuo kimoja hapa Kigoma, umeneja wenyewe jina tu maana kazi ni kubeba ndoo ya maji na kubembeleza watu wa bajeti, sasa wiki iliyopita nikapewa laki mbili kamili niende kutafuta daluga za washambuliaji kabla mazoezi hayajaanza Jumatatu. Nimeona niandike kuhusu meza niliyonunulia maana najua kuna wenzangu wa timu za mtaani na mashule wanahangaika ivi ivi. Ipo Mwanga sokoni upande wa mitumba, jina la jamaa silitaji kwa sababu kuna mahali nitamsema, ila ukiona daluga zimening'inizwa kwa kamba zake kama migebuka iliyoanikwa ujue umefika.

Kwanini washambuliaji tu? Mabeki wetu hawana neno, msimu uliopita hatukufungwa ovyo, shida ilikuwa kule mbele. Zaidi ya nusu ya mabao yetu yalifungwa na mtu mmoja na uyo mtu kamaliza chuo karudi kwao Kakonko, kwaiyo tunaanza upya. Kocha anataka 4-3-3, mawinga wapana, namba tisa mmoja wa kusimama na mabeki, na kumi wa kucheza nyuma yake. Watu anao. Shida ni kwamba mwaka jana nusu ya mawinga walikuwa wanateleza wenyewe bila kuguswa, mtu anamtoka beki vizuri kabisa alafu anaenda chini kama kavutwa na jini, na sisi tukawa tunalaumu vipaji wakati tatizo lilikuwa kwenye soli.

Kiwanja chetu ni udongo mwekundu, goli la juu lina changarawe, goli la chini mvua ikinyesha panakuwa bwawa. Saivi mvua ndo zinaaga, mwezi ujao pale juu panakuwa pagumu kama sakafu ya benki. Sasa daluga nyingi za mtumba ni za Ulaya na zimetengenezwa kwa ajili ya nyasi. Pale kwenye boksi au kwenye lebo, wakati mwingine chini ya soli yenyewe, utakuta herufi mbili. FG ni za nyasi za kawaida, ardhi iliyoshika. SG ni zile zenye meno marefu ya chuma ya kufungua na kufunga, hizo za matope, ukizivaa kwenye changarawe unatembea kama uko juu ya misumari na refa akikagua soli akakuta chuma kimelika kimekuwa kikali anakutoa. AG ni za nyasi bandia. TF zina vijino vifupi vingi vya mpira, watu wanazidharau wanasema za watoto, mimi nakwambia kwa viwanja vyetu vya Kigoma kiangazi hizo ndo mali.

Nilienda na karatasi. Nimeandika vizuri namba za miguu ya vijana, winga wa kulia 42, namba tisa 44, hivyo hivyo mpaka chini. Jamaa kaichukua kaiangalia kanirudishia. "Meneja, karatasi haivai kiatu." Nikaona ananiletea maringo ya biashara. Ningemsikiliza ningeokoa elfu thelathini na tano, tutafika huko.

Kitu kimoja nampa sifa zake, jamaa anaijua mali yake na hakufichi. Ukishika kiatu kibovu anakwambia icho acha. Alinifundisha kukikunja kiatu pale vidole vinapokunjia, taratibu, alafu uangalie pembeni kama soli inaachia mdomo. Mtumba unakaa miezi kwenye kontena na kwenye belo, gundi inakauka, kiatu kinang'aa kwa juu kumbe kinasubiri mechi ya kwanza kifungue kinywa. Alafu ingiza mkono ndani usikie kisigino, kama kitambaa kimechanika pale kiache ata kama kinauzwa buku tano, ni malengelenge siku ya kwanza tu. Jirani yake anauza daluga mpya za plastiki, elfu ishirini na tano, zina rangi zote za bendera, wachezaji wetu wawili walizinunua mwaka jana zikapasuka pale pale kwenye mkunjo kama ganda la muhogo, sitaki hadithi nyingine.

Haya, mmoja mmoja.

Namba tisa wetu ni jitu la Kibondo, refu, kichwa kizuri, mguu mzito kidogo. Uyu ndo anayebeba mzigo wa yule wa Kakonko kwaiyo nilitaka apate kitu cha maana. Chini kabisa ya lundo nikaona ulimi mrefu mweupe wa kukunja, nikavuta, Copa Mundial nyeusi, 44. Kwa wasiozijua, hiki ni kiatu cha adidas kilichotoka 1979, ngozi ya kangaruu, meno kumi na mawili ya duara mafupi, hakina urembo wowote na mpaka leo kuna wazee hawataki kusikia kingine. Meno ya duara ndo yaliyonivuta, kwenye udongo mgumu unageuka nayo bila goti kulia, yale bapa kama visu yanashika sehemu ambayo mguu unataka kuzunguka. Elfu 45, alianza 70. Ngozi ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, nikamwambia kijana itafutie mafuta kidogo ya viatu ilainike. Kijana kaenda kapaka mawese! Mawese jamani, kwenye daluga. Ile mistari mitatu myeupe imekuwa ya chungwa na usiku sisimizi wakazihamia bwenini. Ila lazima niseme ukweli, zimelainika. Jumamosi kazijaribu, kapiga vichwa vyake vitatu vinne, kageuka na beki mgongoni akapiga chini chini kona ya mbali, mwaka jana mpira kama ule angeuangukia. Hapo sina wasiwasi napo.

Winga wa kushoto ni wa Kasulu, mguu wa kushoto wa kweli, mbio anazo, na ni bishoo. Yeye nilienda naye maana alishasikia nina hela. Akaona Nike Mercurial za pinki. Hizi zilianza 1998 na Ronaldo yule wa Brazil na tangu hapo kila winga duniani anadhani kiatu ndo kinakimbia. Nikamwambia dogo haya ni meno bapa, FG, kiwanja chetu hakitaki. Akanijibu "meneja, mimi siguswi chini, napita juu." Elfu 40 nikatoa, nimekosea najua. Jumamosi upande wa goli la chini ambapo bado kuna unyevu alikuwa moto, beki wa kulia alichanganyikiwa. Tukahamia juu kwenye changarawe, kona ya kwanza anataka kukata ndani, chwaa, kakaa. Kanyanyuka anaangalia viatu kama vimemsaliti. Mpango wa kocha ni amtumie kipindi ambacho tunashambulia kuelekea goli la chini, nadhani utani lakini sina hakika.

Sasa namba kumi. Uyu ndo sababu ya mimi kuandika yote haya. Ni mwaka wa kwanza, mtoto wa Ujiji, kacheza maisha yake yote pekupeku kwenye mchanga kando ya ziwa. Nyayo zake ukizigonga zinatoa sauti. Ana mguso ambao sijauona chuoni tangu nimefika, mpira ukimfikia unalala wenyewe, anaugeuza na kidole gumba kama anageuza chapati. Wote tulikubaliana safu ya mbele itapita kwake. Ila sheria ya 4 ya mpira haina undugu, bila viatu na vilinda ugoko hauchezi mechi ya mashindano, na yeye hajawahi kumiliki daluga.

Siku ya kwanza kavaa za kuazima, FG nene, soksi mbili juu. Alitembea kama kuku mgeni mwenye kamba mguuni. Pasi ya kwanza ikatoka nje, ya pili ikaenda kwa kipa wa wapinzani, watu wakaanza kucheka. Akaja pembeni akakaa chini, akaniambia kwa sauti ndogo, "kaka meneja, siusikii mpira." Ile kauli ilinikaa. Nikamrudia yule jamaa wa Mwanga siku ya pili na kijana mwenyewe mkononi, na hapa ndo jamaa alinikosha. Hakumuuliza namba. Kamwambia simama, vua ndala, kaangalia mguu, upana wake pale mbele, vidole vimetawanyika kama vya mtu asiyebanwa, akatupa pembeni daluga zote zenye ncha nyembamba. Akachimba chini ya meza akatoa TF moja ya kizamani, kitambaa laini juu, soli nyembamba, hata nembo yake imefutika. Kavalishwa na soksi moja tu. Jamaa akachukua limao kwa mama wa jirani akamrushia, kijana akalidaka kwa mguu likalala. Elfu 25, sikupunguza ata mia.

Bado hajakaa sawa, nisiwadanganye. Siku ya tatu ndo pasi zilianza kurudi, kupiga mashuti bado anapiga kwa kidole mazoea ya pekupeku. Nikimwangalia naona mwezi mzima wa kazi, lakini akishazoea, yule winga wa pinki na jitu la mawese watakula mabao ya bure.

Mshambuliaji wa akiba wa Buhigwe kapata FG ya elfu 30, nzima, haina la kusema.

Nije kwenye kidonda. Winga wa kulia alikuwa kwao siku ile, kwaiyo yeye nilimnunulia kwa karatasi. Adidas safi, imekunjwa haiachii, elfu 35, nikafurahi. Kurudi chuoni anavaa, kushoto inaingia, kulia inacheza. Nikadhani mguu wake una kasoro. Kuja kufunua ulimi kusoma lebo, kushoto 42, kulia 42 na theluthi mbili. Rangi moja, toleo moja, wazungu sijui waliziachanisha vipi, ukiziweka pamoja mezani huoni kitu. Somo ni kwamba soma lebo ya miguu yote miwili, wa kushoto na wa kulia, namba ndogo zile za chini pia zifanane, usiishie kusoma moja ukaridhika.

Nimerudi kesho yake. Jamaa kaangalia, kakubali kosa, ila hela harudishi, kasema mali ikitoka mezani inabadilishwa tu. Na 42 nyingine ya maana hana. Hapo tulibishana kidogo, nikamkumbusha hela ni ya chuo na risiti inatakiwa, mwenyewe risiti kanichania kwenye daftari la shule kwa kalamu nyekundu. Mwisho kaniandikia deni la elfu 35 na kunipa kamba mbili mpya bure. Sikupenda. Biashara ya kubadilisha bila mali ya kubadilishia ni sawa na kukopesha kwa lazima, na mazoezi hayamsubiri mtu. Akaanza kunipoza na hadithi za fainali ya Simba na Yanga ilivyoletwa hapa uwanja wa Lake Tanganyika Julai 2021, eti wiki ile aliuza mpaka ya kuvaa mwenyewe, na kwamba tangu Mashujaa, timu yetu ya hapa Kigoma, waitoe Simba kwa penati pale pale Aprili 2024 kila mtoto Kigoma anataka daluga, ndo maana 42 hazikai. Inawezekana. Mimi nilikuwa nawaza winga wangu.

Mahesabu ni kwamba daluga tano 175,000, fundi viatu wa karibu na stendi kashona soli za jozi tatu kwa uzi wa nailoni kuzunguka zote, 3,000 kila moja, hiyo usiikwepe ata kama kiatu kinaonekana kizima. Vilinda ugoko jozi mbili 12,000. Elfu nne imeisha kwenye bodaboda na maji.

Jamaa nampa saba kwa kumi. Angerudisha hela ningempa tisa, kwa lile limao peke yake.

Winga wa kulia Jumatatu ataanza mazoezi na raba za kukimbilia, kocha keshanuna. Jana usiku jamaa kanitumia meseji, belo linafunguliwa Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, "njoo mapema meneja, na safari hii njoo na mguu wenyewe."