Darubini Mbili Darini: Ipi Umnunulie Kijana Anayependa Nyota?

Asalam aleikum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo niko darini kwetu Mkomani, mjini Lamu, na kaskazi inavuma, kwa hiyo mkisikia upepo kwenye maikrofoni mniwie radhi. Hapa mkekani nina darubini mbili. Hii ndefu ni ya bomba, lenzi yake ni ya milimita 70, na imekuja na stendi ya miguu mitatu. Hii fupi ni ya macho mawili, mabaharia wanaijua vizuri, imeandikwa 10x50. Zote nimenunua kwa pesa yangu: ya bomba shilingi 11,000, ya macho mawili 7,500. Nimezitumia miezi mitatu na vijana wa mtaani.

Wazazi wananiuliza swali lilelile: mtoto wangu anapenda nyota, nimnunulie nini? Nakujibu kabisa, kama una haraka uende zako: mnunulie ya macho mawili. Wewe uliyebaki, sogea nikuonyeshe.

Tuanze na ya bomba. Tazama boksi lake. Limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Maneno haya yananiudhi, kwa sababu mzazi ndiyo anayoyasoma, na ndiyo anayoyalipia. Chukua upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, uzidishe kwa mbili, hapo ndipo darubini inapofika mwisho wa uwezo wake. Kwa hii ya 70 ni kama mara 140, tena usiku ambao hewa imetulia. Ukizidisha, unachokuza ni ukungu.

Lakini kilichonishinda zaidi ni stendi. Angalia, naigusa kwa kidole tu... umeona inavyotetemeka? Usiku wa kwanza niliilenga Mushtarii, nikamwita binti wa ndugu yangu atazame. Kabla hajaweka jicho, upepo ukalipiga bomba, sayari ikapotea. Nikalenga tena. Halafu kumbuka dunia inazunguka, kila dakika nne anga inasogea nyuzi moja, kwa hiyo hata bila upepo, ukishailenga unakimbizana nayo. Watoto saba wako foleni. Alipofika wa nne, akainama, akatazama kwa subira, akaniambia, "Ami, mimi naona giza tu." Hakurudi kesho yake. Yule alinikaa moyoni kuliko kitu chochote kwenye jaribio hili.

Haki yake nayo niseme. Kuna usiku mmoja upepo ulitulia, nikaweka kioo cha jicho, kile cha upande unaotazamia, cha kukuza mara 35, tukaiona Zohali na pete yake, ndogo, imekaa sawasawa kama ilivyo vitabuni. Kijana wa miaka kumi na mbili alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mbona ile pete haiangukii. Kwa Zohali, na kwa mashimo ya mwezi, hii ya bomba inaishinda ile nyingine. Ukiwa na stendi nzito, au fundi wa Matondoni akakuundia ya mbao, utaifurahia.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Ndani ya boksi kuna hiki kioo cheusi kidogo, kimeandikwa ni cha kutazamia jua. Kitoeni, mkitupe. Kinafungwa kwenye jicho la darubini, mahali ambapo joto lote la jua limekusanyika, na kikipasuka jicho la mtoto halina kinga. Jua halitazamwi kwa darubini yoyote kati ya hizi mbili. Hata mara moja.

Sasa twende kwa hii. 10 maana yake inakuza mara kumi, 50 ni upana wa lenzi kwa milimita. Mara kumi inasikika kidogo, najua. Lakini mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7, na lenzi ya milimita 50 inakusanya nuru mara 50 zaidi ya hiyo. Tena kuna lenzi mbili. Galaksi nyingi tunazozitafuta, yaani mikusanyiko mikubwa mno ya nyota, si ndogo, ni hafifu, na kitu hafifu kinataka nuru kuliko kinavyotaka kukuzwa. Unalala chali mkekani, viwiko vinaegemea kifuani, unatazama kwa macho yote mawili kama ulivyozoea. Mtoto wa miaka minane aliweza bila kufundishwa.

Januari hivi, saa mbili usiku, mwezi haupo, anza na Kilimia. Iko juu upande wa kaskazini. Wazee wetu walilima kwa kuitazama, jina lenyewe linasema, na wakatuachia: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa macho matupu utahesabu nyota sita, labda saba. Weka darubini... zinakuwa makumi. Ni nyota zilizozaliwa pamoja, na ziko mbali nasi kama miaka nuru 440; mwaka nuru mmoja ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima. Karibu yake kuna nyota nyekundu inayoifuata usiku kucha. Ulaya wanaiita Aldebaran, na hilo ni neno la Kiarabu, ad-dabaran, yaani mfuasi. Watoto wa madrasa walichangamka kweli hapo! Nikawaonyesha Rigel, ni rijl, mguu, mguu wa Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la mtu. Nikawaonyesha Achernar, akhir an-nahr, mwisho wa mto. Wakaanza kuyafasiri wenyewe, mimi nikakaa kimya nikawasikiliza.

Jabari yuko mashariki, nyota tatu za mshipi wake kila mtu anazijua. Upande wa kulia wa mshipi kuna upanga, na katikati ya upanga kuna kiwingu cha kijivu. Hapo gesi inajikusanya na nyota zinazaliwa, umbali wa miaka nuru 1,300 hivi. Ninasema kijivu makusudi. Msimwahidi mtoto zile rangi za kwenye picha. Kamera hukusanya nuru kwa saa nyingi, jicho halifanyi hivyo. Mwambie mapema atakachokiona, atakifurahia.

Geukia kusini sasa. Ile inayong'aa sana, ya pili kwa mwangaza katika nyota zote za usiku, ni Suheli. Manahodha wetu hata upande wa kusini wenyewe waliuita suheli. Mtu aliye Uingereza haioni maisha yake yote akiwa kwao. Sisi tuko nyuzi 2 na kitu kusini mwa Ikweta, karibu nyota zote zinatupitia katika mwaka mmoja. Teremka chini ya Suheli, karibu na upeo wa bahari, kuna wingu dogo ambalo haliendi na upepo. Hiyo ni galaksi, Wingu Kubwa la Magellan, miaka nuru 160,000. Hapa mjini taa zinaififisha. Sisi tuliiona kutoka ufukweni Shela, tukitembea kuyapita majumba yote.

Kisha kaskazini magharibi, kabla haijazama, tafuta galaksi ya Andromeda. Abdurrahman as-Sufi, mnajimu wa Uajemi, aliiandika mwaka 964 kuwa ni wingu dogo, na wingu dogo ndilo utakaloliona. Nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5 kufika kwenye jicho lako. Binti wa ndugu yangu aliposikia hivyo aliishika darubini kwa mikono miwili, akakataa kumpa mwenzake mpaka nikamwomba.

Ndiye aliyeniuliza kama kuna nuru ambayo darubini yangu haiwezi kuiona. Ipo, mwanangu, na jibu lake lilitokea kwa jirani zetu wa Malindi. Pale Ngomeni, baharini, kuna jukwaa la Waitaliano linaloitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Marekani ya kutazama miali ya eksirei kutoka angani. Miali hiyo inazuiwa na hewa ya dunia, haifiki hapa darini, ndiyo sababu chombo kilibidi kipande juu. Wakakipa jina la Uhuru, kwa Kiswahili hivyohivyo. Kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo pekee, kikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya kimoja, Cygnus X-1, viliwasaidia wataalamu kukitambua kuwa shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiponyoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Watoto wetu wa pwani wakue bila kulijua jambo hili? Haifai.

Mambo madogo ya kuangalia ukinunua hii ya macho mawili. Ishike hivi, uitikise kidogo. Ikigonga ndani, iache. Tazama taa ya mbali: ukiona taa mbili badala ya moja, mapipa yake hayajapangika sawa, mtoto ataumwa na kichwa. Na hewa yetu ya chumvi ni adui, kuvu huota ndani ya lenzi. Ifute kwa kitambaa laini na kikavu, iweke kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Kwenye simu weka programu ya Stellarium, toleo la kawaida ni bure, na uifunike skrini kwa karatasi nyekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza.

Na mwezi wa Ramadhani ukikaribia kuandama, jua likishazama kabisa, utajua mwenyewe kwa nini hii naiweka karibu na mlango.

Haya, nazima taa ya kamera. Binti ameshaniuliza mara mbili, na Suheli imeshapanda juu ya minazi.